Kila A Shilingi 10,000: Motisha ya Walimu na Kipimo cha Shule

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, mkoani Morogoro. Mwaka jana watoto wetu 62 walifanya mtihani wa darasa la saba, wakafaulu 49. Shule ya kijiji jirani walifanya 31, wakafaulu 29, na tangu siku hiyo hatuna raha kwa kuchekwa. Kwenye kikao cha wazazi, mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa hapa ameahidi kutoa 1,500,000 kila mwaka: kila A itakayopatikana darasa la saba, mwalimu wa somo hilo alipwe 10,000. Watu wakapiga makofi. Lakini walimu wa madarasa ya chini wamenuna, na mmoja alisimama akasema, "Tulipeni mshahara unaoeleweka kwanza, hizo 10,000 ni hela ya peremende." Kamati inakaa wiki ijayo. Je, kumlipa mwalimu kwa matokeo kunasaidia? Na hivi kweli sisi ni wabovu kuliko hao jirani?

JIBU

Marahaba, mama. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo la kuanza nalo, maana mkishakubaliana shule nzuri ni ipi, hela ya kulipa itajua njia yake.

Tuchukue hesabu zenu. Jirani ni 29 kwa 31, yaani asilimia 93 na ushee. Ninyi ni 49 kwa 62, asilimia 79. Kwa macho ya haraka mmepigwa. Ila Baraza la Mitihani lenyewe, lilipokuwa bado linapanga nafasi za shule za msingi, lilizitenga makundi mawili: zenye watahiniwa 40 au zaidi kivyake, na zenye chini ya 40 kivyake. Halikufanya hivyo kwa kuzipendelea. Shule ya watahiniwa 31, mtoto mmoja tu ni zaidi ya asilimia 3. Watatu wakishikwa na homa asubuhi ya Hisabati, 93 inakuwa 84, na mwalimu wa watu hajabadilika chochote. Shule ndogo hupanda sana na kushuka sana, ndiyo maana kwenye orodha yoyote utazikuta nyingi kule juu kabisa na nyingi kule chini kabisa. Usimpongeze mtu wala usimfukuze kwa hesabu ya mwaka mmoja wa shule ya namna hiyo.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: hao 31 wa jirani walikuwa wangapi walipokuwa darasa la nne?

Nilifanya kazi ya ukaguzi wa shule miaka mingi. Siku hizi tunaitwa wathibiti ubora. Jina limerefuka, pikipiki ni ile ile. Mwaka mmoja nilifika kwenye shule iliyokuwa imeandika ukutani, kwa rangi ya bluu, herufi za urefu wa mtoto: UFAULU 100%. Nilipokewa kwa soda. Nikaomba daftari la mahudhurio la darasa la sita la mwaka wa nyuma, yaani hao hao waliopata mia kwa mia kabla hawajaingia la saba. Majina 11 yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu kwa rula, mstari ulionyooka vizuri kabisa, na pembeni ya kila jina limeandikwa neno moja: amehama. Wote 11 walihama Novemba. Nikaomba nakala za barua za uhamisho. Zikatafutwa kabatini, zikatafutwa kwenye droo, mwisho nikaambiwa mwenye ufunguo yuko semina.

Nilipotoka getini nilinunua miwa kwa kijana aliyekuwa ng'ambo ya barabara, kama hatua ishirini hivi. Nikamuuliza anasoma wapi. Akasema, "Niliishia la sita hapo." Jina lake lilikuwa la nne kati ya yale yenye mstari mwekundu. Kweli alikuwa amehama: amehamia upande wa pili wa barabara.

Jambo hili halikuwa la shule moja. Mwaka 2013 serikali ilipoanza Matokeo Makubwa Sasa, shule zote za msingi zilipangwa kwa nafasi, kitaifa na kiwilaya, zikapakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, baadaye walifuatilia shule zilizojikuta mkiani mwa wilaya zao. Waligundua mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, ufaulu wa shule hizo ulipanda kweli. Aibu ya kuwa wa mwisho mbele ya Afisa Elimu wa wilaya yako ilifanya kazi kuliko nafasi ya kitaifa ambayo hakuna anayeikumbuka. La pili, idadi ya watoto waliokaa kwenye mtihani katika shule hizo ilipungua, kama wawili kwa shule. Wawili ni wachache, utasema. Zidisha kwa shule zote zilizokuwa mkiani nchi nzima, halafu jiulize ni watoto wa nani. Si wa mwenye duka.

Shule binafsi nazo zina njia zao, na wewe unazijua: wastani wa kuvuka darasa, barua ya "mtoto atafutiwe shule inayomfaa", au kusajiliwa mtihani kwenye kituo kingine ili jina la shule libaki safi. Serikali imekemea mara kadhaa. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani likaacha kabisa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Wakenya walikuwa wamepiga marufuku orodha zao tangu 2014. Mimi niliunga mkono, ila sikujidanganya: matokeo yakitoka saa tano, saa sita mchana kuna mtu ameshatengeneza orodha yake na imefika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, tena bila hata ile busara ya kutenga shule ndogo na kubwa.

Kwa hiyo kabla hamjalala na aibu, fanyeni hesabu moja. Upimaji wa darasa la nne ni wa kitaifa, kwa hiyo idadi ya waliosajiliwa ipo. Chukueni idadi ya watoto wa kundi hilo walipokuwa darasa la nne, toeni waliohama kwa barua halali, ongezeni waliohamia. Hiyo ndiyo iwe namba yenu ya kugawia, halafu juu wekeni waliofaulu la saba. Tuseme ninyi mlikuwa na 66 na jirani 48. Ninyi mnapata 49 kwa 66, asilimia 74. Jirani 29 kwa 48, asilimia 60. Sidai ndivyo ilivyo. Huenda jirani ni wasafi na walikuwa 32 tangu mwanzo, na hapo itabidi mwende mkajifunze kwao kwa heshima. Ila hamtajua mpaka mhesabu walioondoka.

Sasa tuje kwenye hela ya huyo ndugu. Nia yake ni njema na ningemshukuru mbele za watu. Lakini mpango wenyewe wa A kwa 10,000, mimi ningekuwa mjumbe nisingeupitisha. Angalia hela itakwenda wapi.

Mtihani wa la saba una masomo sita, kila somo alama 50. A huanzia 41. Mtoto wa kupata 41 mwaka huu mnamfahamu tayari. Amekuwa wa kwanza tangu la tatu, na angepata A hata mwalimu angeugua malaria muhula mzima. Mwalimu akimtoa mtoto kwenye alama 8 akamfikisha 24, yaani kutoka E hadi C, kazi ambayo ni ngumu kuliko zote za ualimu, analipwa sifuri. Akimtoa mwingine 39 hadi 41 analipwa 10,000. Ukiwa mwalimu mwenye watoto wa shule na kodi ya nyumba, utakaa upande gani wa darasa jioni? Utakaa na wale sita wa mbele. Wala sikulaumu.

Tena kuna jambo ambalo nadhani kikao hakikuliona. Kiswahili ndilo somo ambalo watoto wetu hufanya vizuri zaidi mwaka nenda mwaka rudi, na Kiingereza ndilo la mkiani. Kwa mpango huu, mwalimu wa Kiswahili atapokea bahasha nene, wa Kiingereza atatoka mikono mitupu, na ofisi ya walimu itakuwa na maneno hadi Pasaka. Na mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemfundisha huyo mwenye A kushika penseli, hayumo kabisa. Kununa kwake kuna hoja.

Kuna mahali jambo kama hili lilijaribiwa na kupimwa vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, magharibi mwa Kenya, Busia na Teso, shirika moja la misaada lilichagua shule 50 kati ya 100 na kuahidi zawadi kwa walimu wa shule zitakazofanya vizuri au zitakazopanda zaidi. Zawadi zenyewe zilikuwa za nyumbani: suti kwa washindi wa kwanza, sahani na glasi kwa wa pili, seti ya chai kwa wa tatu, mashuka na blanketi kwa wa nne. Thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi, si haba. Alama za watoto zilipanda kwenye mtihani uliokuwa na zawadi. Walipopewa mtihani mwingine usio na zawadi, tofauti haikuonekana. Walimu hawakuacha kutoroka kazini, wala kuongeza kazi za nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Zawadi zilipokwisha, alama nazo zikarudi zilikotoka. Yaani watu walinunua alama, na alama ndizo walizopata.

Uingereza walipitia njia hiyo hiyo mwaka 1862, Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, alipoamua ruzuku ya shule ifuate idadi ya watoto watakaofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Watoto wakakaririshwa kitabu kizima neno kwa neno. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 kuachana nayo.

Ukiishia hapo utasema basi, motisha ni upuuzi. Hapana. Ushahidi mzuri kuliko wote kwa swali lako umetoka hapa hapa kwetu, na nashangaa kwamba wazazi wengi hawajawahi kuusikia. Kati ya 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza, katika shule 350 za wilaya 10. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipelekewa ruzuku ya 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kundi la pili walimu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, na Mwalimu Mkuu 1,000. Kundi la tatu likapata vyote viwili. Kundi la nne halikupata kitu, ili kuwe na cha kulinganisha.

Angalia walichokichagua kulipia. Walilipia darasa la kwanza, la pili na la tatu, kwa Kiswahili, Kiingereza na Hisabati, na kila mtoto alikuwa na thamani sawa, wa dawati la mbele na wa nyuma. Ni kinyume kabisa cha mpango wa mfadhili wenu.

Matokeo yake: ruzuku peke yake haikuinua alama. Vitabu vilinunuliwa, chaki zikanunuliwa, wazazi nao walipoona shule ina hela wakapunguza kidogo matumizi yao, na watoto wakabaki pale pale. Motisha peke yake ilifanya kazi nusu nusu. Vilipokuwa pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena zaidi ya ukijumlisha athari ya kila kimoja kivyake. Ukiwahi kuingia darasa la kwanza lenye watoto 120 na vitabu 9 hushangai. Mwalimu mwenye ari bila vitabu anachoka tu, na vitabu bila mwalimu mwenye ari vinakaa stoo vimefungwa kamba ile ile iliyotoka Dar. Uganda nako, walipojaribu motisha kwa walimu wa darasa la sita vijijini, watoto walioacha shule walipungua na kujifunza kukaongezeka, lakini hasa pale palipokuwa na vitabu.

KiuFunza ya pili, 2015 na 2016, ilikuwa ya kupima namna ya kulipa. Njia moja ilikuwa nyepesi: mtoto akiweza silabi kuna malipo, akiweza neno kuna malipo, sentensi, aya, hadi hadithi. Njia ya pili ilikuwa ya kitaalamu: mtoto analinganishwa na wenzake wa shule nyingine walioanza naye sawa, na mwalimu analipwa kwa nafasi ambayo mtoto huyo anaishika. Kwenye karatasi ya pili ndiyo ya haki zaidi, na mimi mwenyewe, mwalimu wa hisabati, ningeichagua. Lakini ile nyepesi ilifanya vizuri angalau sawa na ya kitaalamu. Mwalimu anayejua "Asha akisoma aya hii nalipwa" anajua kesho asubuhi afanye nini. Mwalimu anayeambiwa atalipwa kwa nafasi ya Asha kati ya watoto elfu kadhaa asiowajua, anaweka karatasi mfukoni na kuendelea na alichokuwa akifanya.

Sasa yule mwalimu wa peremende. Msimpuuze, wala msimjibu kwa hasira.

Mshahara hauko mikononi mwa kamati ya shule, hilo analijua. Anachosema ni kingine. Walimu wa serikali wamepita kwenye mengi: mgomo wa 2012, walipodai nyongeza ya asilimia 100, posho ya kufundishia asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 ya mazingira magumu, ukaishia mahakamani kwa amri ya kuusitisha. Ukaja uhakiki wa watumishi wa 2016, kupanda madaraja kukasimama, na malimbikizo ya wengine yakachukua miaka. Halafu ikaja fomu ya OPRAS ya kupima utendaji wa mtumishi, ambayo mtu aliandika malengo Julai na kujipa alama Juni bila mkuu wake kukanyaga darasani, na sasa PEPMIS, mfumo wa mtandaoni, ambayo ni hiyo hiyo ila inahitaji bando. Mtu aliyepita huko akisikia "tutakulipa kwa matokeo", anasikia "tunakushuku". Lazima mlijue hilo kabla hamjafungua mdomo.

Je, mshahara ukiongezwa watoto watajua kusoma? Hapa nitawaudhi walimu wenzangu. Indonesia ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyomfanya mwalimu aliyethibitishwa apate mshahara wa msingi mara mbili. Mara mbili, mama, siyo nyongeza ya Mei Mosi. Watafiti walifuatilia shule 360. Walimu walifurahi, madeni yalipungua, wakaacha vibarua vya pembeni. Watoto wao hawakujifunza zaidi hata kidogo kwa miaka iliyopimwa. Mimi bado nasema mwalimu alipwe vizuri, kwa sababu ni haki yake na kwa sababu kijana mwenye akili anayemaliza kidato cha sita anaangalia jinsi mwalimu wake anavyoishi ndipo achague kazi. Nyongeza ya Julai 2025, iliyopandisha kima cha chini cha serikali kutoka 370,000 hadi 500,000, nilifurahia kama kila mstaafu mwenye mtoto mwalimu. Ila asije mtu akawauzia wazazi nyongeza ya mshahara kama dawa ya kusoma ya mwaka kesho. Hizo ni hoja mbili tofauti, na kuzichanganya kunaziua zote.

Hofu nyingine husemwa sana: kwamba ukilipa kwa matokeo utavuta wapenda pesa na kuwafukuza walimu wa wito. Rwanda walilipima hilo. Mwaka 2016 baadhi ya nafasi za ualimu zilitangazwa zikiwa na ahadi ya bonasi ya faranga 100,000 kwa asilimia 20 ya walimu bora, nyingine kwa malipo ya kawaida. Walioomba zile za bonasi hawakuonekana kuwa walimu wabaya zaidi, na bonasi iliwafanya wahudhurie na kufundisha vizuri zaidi. Ila kule kipimo kilichanganya mambo kadhaa: mwalimu yupo darasani, ameandaa somo, anafundishaje, na watoto wamejifunza nini. Alama za mtihani zilikuwa sehemu tu.

Basi hiyo 1,500,000 ningeipeleka hivi, nanyi mtarekebisha kwa hali yenu.

Laki sita nunueni vitu: vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza hadi la tatu, karatasi, na kama uji umekwama, unga. Mtoto asiyekula tangu jana usiku, saa tano asubuhi hata umlipe mwalimu wake milioni, hakusikii.

Laki sita na elfu thelathini ziende kwa walimu wa madarasa hayo matatu, kwa ngazi ambazo watoto wamepanda. Februari kila mtoto apimwe yuko wapi: herufi, silabi, neno, sentensi, aya, hadithi. Novemba apimwe tena. Hesabuni ngazi zote zilizopandwa, gawanyeni hela kwa idadi hiyo. Tuseme mna watoto 210 na wamepanda jumla ya ngazi 420: kila ngazi ni 1,500. Mtoto aliyetoka herufi hadi neno amemletea mwalimu wake sawa na yule aliyetoka sentensi hadi hadithi. Hapo hakuna wa kuachwa nyuma ya darasa, maana yule wa nyuma ndiye mwenye ngazi nyingi zilizobaki. Kama kuna kipimo cha namna hiyo kwa Hisabati, kuhesabu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, changanyeni.

Asipime mwalimu wa darasa mwenyewe. Mwalimu mjanja atashusha Februari na kupandisha Novemba, na hata asiye mjanja atasikia huruma. Ombeni walimu wa shule ile ile ya jirani waje, ninyi mwende kwao, Afisa Elimu Kata akiwa na orodha. Mtoto aitwe mmoja mmoja, chini ya mwembe, asome kwa sauti. Hadithi iwe mpya, isitoke kwenye kitabu cha shule. Na mtoto ambaye alikuwepo Februari na Novemba hayupo, bila barua ya uhamisho, ahesabiwe ameshuka ngazi moja. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa, litapigiwa kelele, msilitoe.

Zinabaki 270,000. Hizo ni za walimu wote wa madarasa ya juu kwa pamoja, sawa kwa sawa, endapo ile hesabu ya darasa la nne hadi la saba niliyoieleza itapanda kuliko wastani wa miaka mitatu iliyopita. Isipopanda, zinasubiri mwaka unaofuata. Sipendi kumlipa mmoja mmoja kwenye la saba, kwa sababu A ya Sayansi ya mtoto anayeelewa Kiswahili vizuri ina mkono wa watu wengi.

Mwalimu Mkuu anapata posho ya madaraka ya serikali, 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo msijisikie vibaya kumweka pembeni kwenye mgawo huu. Mpeni kazi: awe na daftari la nani yuko darasani saa nne na nusu, baada ya mapumziko. Si nani amefika shuleni. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa 2014 ulikuta walimu wengi wapo shuleni lakini karibu nusu hawapo darasani kwenye kipindi chao, wako ofisini, kwenye kivuli, kwenye simu. Mjumbe mmoja wa kamati apite mara mbili kwa mwezi bila taarifa. Apite, asalimie, aandike idadi, aondoke. Asikosoe somo la mtu, hiyo siyo kazi yake.

Na hela yote ipitie kwenye kamati na muhtasari wa kikao, ionekane ni ya hiari. Mzazi mwingine akitaka kuongeza, karibu. Asiye nacho, mtoto wake asirudishwe nyumbani wala kutajwa mstarini.

Yule mfadhili huenda asipende kusikia kwamba hakuna A ya kutangazwa. Mwalikeni Novemba siku ya kupima. Mpeni kiti chini ya mwembe, aitwe mtoto wa darasa la pili ambaye Februari alikuwa hajui silabi, asome mbele yake sentensi mbili. Wanaume wa biashara nimewaona wakitoa kitambaa mfukoni kwa jambo kama hilo.

Kabla ya kikao cha wiki ijayo, muombe Mwalimu Mkuu daftari la uandikishaji la mwaka ambao darasa la saba la sasa liliingia la kwanza. Ni lile kubwa lenye jalada gumu. Hesabu majina yote, kisha nenda darasani ukahesabu vichwa. Ukiwa na hizo namba mbili mkononi, kikao kitakuwa kifupi.